Debe Lililoandikwa Chokaa

Ilikuja Shinyanga miaka ya pamba nyingi, ikapita; ikaja miaka ya ushirika, ikapita pamoja na ushirika wenyewe; kisha ikaja miaka ambayo kila mwenye koleo na mgongo mzima alikimbilia Geita kufukua dhahabu. Katika miaka yote hiyo, isipokuwa michache aliyokuwa masomoni, Gulnaz binti Sherali aliketi juu ya kiti kile kile cha chuma, katika kinu cha mafuta cha marehemu babaye, akiwatazama walimwengu kwa jicho la mtu aliyeandaliwa chakula kilichopoa.

Elimu alikuwa nayo, na haikuwa ya kuokoteza. Alisoma kemia Dar es Salaam miaka mitatu, akarudi mwaka tisini na moja kumzika babaye, wala hakuondoka tena. Kilichompungukia ni adabu ya elimu, ambayo haifundishwi kwa mitungi ya kioo. Aliwadharau wachimbaji kwa kuwa wanatoboa mlima kutafuta kitu kisicholika. Aliwadharau maofisa kwa mihuri yao, na majirani kwa maswali yao. Alimdharau kaka yake mkubwa, Riyaz, kwa kuwa aliweza kupima pamba kwa macho lakini asiweze kukaa na kitabu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Na dharau iliyokuwa nyepesi zaidi ulimini mwake, kwa kuwa haikumgharimu hata kufikiri, ilikuwa kwa Nkwabi, fundi wa injini, mtu mzima aliyemzidi umri kwa miaka ishirini na ushei. Wafanyakazi wote walimwita Baba Mageni, kwa jina la binti yake wa kwanza. Gulnaz alimwita "wewe".

Kinu hicho kilikamua mbegu za pamba. Mafuta yalikwenda jikoni, mashudu yakaenda kwa ng'ombe, na vyote viwili vilitegemea injini moja ya dizeli iliyonunuliwa na mzee Sherali enzi za ujana wake. Dizeli ndiyo ilikuwa balaa. Iliyofika kwa reli ilifika kwa kuchelewa, na iliyofika kwa barabara ilinyakuliwa na wenye mashimo ya Geita, ambao pampu zao zilinyonya maji ya ardhini mchana kutwa. Zilipita wiki nzima kinu kikiwa kimya, mapipa ya mafuta ya pamba yamejaa hadi mlangoni, na injini imekaa katikati yake kama mtu anayekufa kwa kiu ndani ya ziwa.

Gulnaz alijua kwamba mafuta ya pamba ni mazito mno kwa injini, na alijua dawa yake. Mafuta hayo yakichanganywa na spiriti iitwayo methanoli, na kukawa na kitu cha kuuchochea mchanganyiko, huachana mafungu mawili: juu hubaki kimiminiko chepesi kinachowaka kama dizeli, na chini hutuama glisirini. Mwanzoni alitumia kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki ikafanya kazi iliyoizoea. Pipa zima liliganda, na wanawake wa mashudu wakalikata vipande na kufulia kanga zao. Tangu siku hiyo, kila alipowapa kisogo, walimwita Bi Sabuni. Naye alilijua jina hilo, akalihesabu kuwa ushahidi mwingine wa ujinga wao.

Mwaka tisini na tano mwalimu wake wa zamani alimpelekea nakala ya kurasa chache zilizozungumzia vichocheo vilivyo yabisi. Humo alisoma kwamba chokaa iliyochomwa barabara, ambayo haijaguswa na maji, hufanya kazi ile ile bila kuyeyuka ndani ya mafuta. Hukaa chini kama unga, huchochea, kisha huchujwa, hurudishwa motoni na kutumika upya. Haileti sabuni nyingi, wala haidai maji mengi ya kuoshea, jambo ambalo kwa mji wa Shinyanga si dogo. Akanunua chokaa dukani, isifae kitu, kwa kuwa iuzwayo dukani imekwisha kuzimwa kwa maji na kuchanganyika na udongo. Ndipo alipokumbuka kwamba ganda la yai ni jiwe la chokaa lililo safi kuliko lolote linalochimbwa.

Basi ikawa kila alasiri anakwenda stesheni kwa Zipora, mama muuza chai na mayai ya kuchemsha, kuchukua maganda.

"Mwangaluka, dada," Zipora humwambia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama jua limeshaelekea kuzama, kwa kumchokoza. "Umefuata uchafu wangu?"

"Yameoshwa?"

"Nimeyaosha kuliko ninavyowaosha wanangu. Hebu niambie leo, unayafanyia nini?"

"Hutaelewa."

"Haya." Zipora huwageukia wasafiri waliokaa juu ya mizigo yao. "Jamani, ninyi mnakula yai. Mwenzenu huyu anakula nyumba yake."

Wasafiri hucheka, na Gulnaz hubeba gunia lake bila kuaga.

Kwa miezi minane alikusanya maganda yapatayo elfu nne. Aliyasaga, akayachoma katika tanuri la matofali alilojijengea nyuma ya stoo, akapata debe moja la unga mweupe. Akalifunika na kuziba mfuniko wake kwa nta, maana chokaa ya namna hiyo huuawa na hewa yenyewe. Kisha akachukua brashi na rangi nyeusi ili aandike jina la kilichomo. Alikusudia kuandika KICHOCHEO. Brashi ikasimama hewani. Akawaza nani atakayelisoma neno hilo: Nkwabi, wanawake wa mashudu, mlinzi. Wangeuliza maswali, na yeye angelazimika kujibu. Akacheka peke yake, akaandika CHOKAA.

Neno hilo halikuwa uongo. Lilikuwa nusu ya ukweli, ile nusu ambayo mtu humtupia mwenzake anapomwona hastahiki kupewa ukweli kamili.

Wakati huo Riyaz alikuwa amekwisha kuambukizwa homa ya dhahabu. Hakutaka kuchimba, kwa kuwa mikono yake haikuumbwa kwa jambo lolote litoalo jasho. Alitaka kufungua duka la kununua dhahabu Geita. Alikuwa amempata mtu wa kuichukua injini: Pantaleo, mwana wa wakulima wa Ushirombo, aliyeangukia mwamba wenye dhahabu na tangu hapo akavaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Shimo la Pantaleo lilijaa maji, naye alitaka injini yenye nguvu.

Riyaz alilitangaza jambo hilo mezani, wakati wa chakula cha mchana, mbele ya mama yao Kausar.

"Jumamosi ya wiki ijayo Pantaleo anakuja na lori."

Gulnaz akaweka tonge chini. "Anakuja kufanya nini?"

"Kuchukua injini. Kinu kimekufa, dada. Mimi na wewe ndio tumebaki kukaa matanga."

"Kinu hakijafa. Kina kiu tu. Nipe wiki hiyo nikinyweshe mafuta yake chenyewe."

"Kwa sabuni ile?"

"Sasa nina kitu kingine."

"Mayai," Riyaz akasema. "Mji mzima unajua. Juzi kinyozi ameniuliza kama dada yangu anaatamia."

Mama Kausar hakucheka. "Mpe mtihani wake, Riyaz. Baba yenu angempa."

Riyaz akaisogeza sahani yake kando. Alikuwa mtu mwepesi, lakini hakupenda kuonekana mwoga mbele ya mama yake. "Sawa. Jumamosi hiyo hiyo, Pantaleo akishuhudia. Injini iwashwe saa mbili kwa mafuta yako. Ikifika adhana ya adhuhuri bila kuzimika, siuzi, na duka la Geita nalifuta. Ikizimika, inapanda lori, na wewe unakwenda Tabora kwa ami, ukauze vitambaa."

"Umesema mbele yangu," mama akasema.

"Nimesema mbele yako."

Kwa Gulnaz, hukumu ya Tabora ilikuwa sawa na kuzikwa akiwa na fahamu zake. Ami yao aliamini kwamba mwanamke aliyesoma ni kama saa iliyosimama, inayofaa kutundikwa ukutani tu. Jumatatu akapanda treni kwenda Mwanza kutafuta pipa la methanoli. Stoo aliifunga kwa komeo bila kufuli, kwa kuwa hakufikiri kama humo ndani mna kitu ambacho mtu wa pale angeweza kujua thamani yake.

Jumanne gari la matangazo likapita. Mtendaji wa kata alikuwa ndani, kipaza sauti mdomoni: siku ya Alhamisi kiongozi mkubwa atapita barabara hiyo akielekea Mwanza, kila mwenye ua afyeke nyasi, apange mawe kandokando ya barabara na kuyapaka chokaa, na shina la kila mti lipakwe hadi kimo cha kiuno, atakayekaidi atajua mwenyewe. Mji ambao ulishindwa kwa miaka minne kuziba shimo moja mbele ya soko ukaingiwa na bidii ya ajabu. Watu wasiopaka chokaa nyumba zao wenyewe walipaka mawe. Riyaz, aliyekuwa mtiifu kwa kila mwenye kipaza sauti, akamwita Nkwabi.

"Paka mawe kuanzia getini mpaka njia panda. Na ile miti sita."

"Chokaa ipo, bosi?"

"Angalia stoo. Nadhani niliona debe limeandikwa."

Gulnaz alirejea Jumatano mchana, amepakia pipa lake kwenye mkokoteni wa kukodi. Alipofika njia panda aliyaona mawe yamejipanga pande mbili za barabara, na akaona haya kwa niaba ya mji mzima. "Tazama ujinga huu," alimwambia mwenye mkokoteni. "Wanayapaka mawe poda kama maharusi." Akaendelea kutazama. Mawe ya jirani yalikuwa na weupe wa kijivu, wa chokaa ya kawaida. Mawe ya kwao yaling'aa kama meno. Ndipo akamwacha mwenye mkokoteni nyuma, akakimbilia kinuni.

Alimkuta Nkwabi akipaka grisi injini.

"Wewe. Debe langu liko wapi?"

"Debe lipi, dada?"

"La stoo. Lenye nta."

"La chokaa? Limekwisha." Nkwabi alifuta mikono yake kwa tambara. "Chokaa kali sana ile. Nilipotia maji ilichemka kama sufuria, kuliko chokaa yoyote niliyowahi kuizima, nikasema hii bila shaka imetoka Ulaya. Imebaki nusu ndoo."

"Nani aliyekuambia ile ni chokaa?"

Nkwabi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe. Umeandika kwa herufi kubwa."

Yaliyotoka kinywani mwa Gulnaz baada ya hapo hayafai kuandikwa. Aliutukana umri wa mtu yule, na kichwa chake, na ukoo uliomlea. Wanawake wa mashudu waliacha kushona magunia wakasimama mlangoni. Nkwabi alimwacha amalize.

"Mimi mjinga, sawa," akasema kwa utulivu. "Lakini mjinga nimesoma ulichoandika. Ungeandika sumu, nisingeligusa. Ungeandika maziwa, ningelipeleka jikoni kwa mama."

Akarudi kwenye grisi yake.

Gulnaz aliketi kizingitini mwa stoo. Maganda mengine elfu nne yangetaka miezi minane, naye alikuwa na siku mbili. Lakini kichwa chake, hata kikiwa katika fedheha, hakikujua kuacha kazi. Chokaa ile ilipokutana na maji ilizimika. Ilipokauka juu ya mawe ilianza kuirudia hali ya ganda la yai, kwa kunyonya kutoka hewani kile kile ambacho moto uliifukuza. Ikichomwa upya ingefufuka. Palikuwa na mawe zaidi ya mia moja na miti sita. Akiwa peke yake, kuyakwangua kungechukua wiki. Alihitaji mikono, na mikono yote iliyokuwapo ilikuwa ya watu ambao kwa miaka mitano hakuwapa hata salamu.

Mama Kausar alipita na ndoo ya maji, akasimama. Alikuwa amesikia kila neno. "Aliyeandika ni wewe, mwanangu," akasema, akaenda zake.

Basi Gulnaz akainuka. Alitembea hadi kwenye injini, akasimama mahali ambapo Nkwabi angeweza kumwona bila kugeuka.

"Ninahitaji ile chokaa ikwanguliwe kwenye mawe."

"Kesho kiongozi anapita."

"Ninajua."

"Bosi Riyaz ataogopa."

"Ninajua. Injini hii isipokwenda Jumamosi kwa mafuta yangu, inapanda lori kwenda Geita. Wewe utabaki fundi wa nini?"

Wanawake mlangoni walinong'onezana. Jambo hilo hawakuwa wameambiwa. Zipora naye alikuwa miongoni mwao, amekuja na gunia la maganda baada ya kuona mteja wake haonekani tangu Jumatatu.

Nkwabi aliweka tambara chini. "Tutakwangua. Lakini kwanza utuambie kile kitu ni nini."

Gulnaz akavuta pumzi. "Ni kichocheo yabisi. Huharakisha mmenyuko baina ya..."

"Kichocheo," Nkwabi akarudia polepole. "Mwaka jana watu walikamatwa sokoni kwa uchochezi. Kumbe wewe umeufungia ndani ya debe."

Wanawake wakaangua kicheko. Zipora akasema, "Dada, zungumza na sisi. Hiyo lugha kawape wenye miwani."

Gulnaz aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta kwa desturi yake mahali pa kuwadharau, na kwa mara ya kwanza hakuwa na nafasi ya kuitumia dharau aliyoipata. Akafikiri. Hatimaye akasema, akiyachagua maneno kwa taabu kama mtu anayekanyaga miiba:

"Mafuta ni ukoo mmoja. Spiriti ni ukoo mwingine. Ukiviweka pamoja havizungumzi, kila kimoja kinakaa upande wake. Ile chokaa ni mshenga. Inaingia katikati, inawapatanisha, ndoa inafungwa. Yenyewe haiolewi wala haioi. Ndoa ikishafungwa mshenga anatoka kama alivyoingia, anaoga, anakwenda kushughulikia ndoa nyingine."

"Anaoga wapi?" Zipora akauliza.

"Motoni. Tunamchoma upya. Kumpata kumekula maganda ya mayai elfu nne."

Nkwabi akatikisa kichwa. "Mshenga wa ng'ombe elfu nne," akasema, "mimi nimempaka kwenye mawe."

Hata Gulnaz alicheka, ingawa alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Wakakwangua alasiri ile na asubuhi ya Alhamisi, kwa visu, kwa vipande vya mabati, kwa vijiko vya jikoni kwa Mama Kausar. Riyaz alitoka, akaona mawe yako uchi, akashika kichwa. Haukupita muda mtendaji wa kata akaja kwa baiskeli, amevaa suti.

"Nani anayehujumu ziara?"

Riyaz alirudi nyuma hatua mbili. Nkwabi akainuka na kisu chake mkononi. "Shikamoo, mheshimiwa. Huu ulikuwa mkono wa kwanza. Tumeona haukufikia hadhi ya mgeni, ndio tunautoa tupake wa pili."

Mtendaji, aliyekuwa mdogo kwa Nkwabi kwa miaka kumi na mitano, akaitika marahaba bila haya. Sura yake ikanyooka. "Huo ndio moyo," akasema, akapanda baiskeli yake kwenda kuwakaripia wengine. Uongo ni uongo hata unapomwokoa mtu, na Mwenye kuhesabu atauhesabu. Lakini ni nadra uongo kukutana na sikio lililojiandaa kuupokea vizuri namna ile.

Msafara ulipita saa nane mchana. Magari kumi na moja, vioo vimepandishwa, kwa mwendo wa kukimbiza ajali. Vumbi lake likapanda, likashuka juu ya mawe yote ya mji, meupe na yasiyo meupe, likayafanya rangi moja. Mgeni aliyeandaliwa yote hayo, walisema waliobahatika kuchungulia, alikuwa amelala.

Tanuri liliwashwa tangu asubuhi, kwa makwangulio ya siku iliyotangulia na ile nusu ndoo. Gulnaz alisimama na daftari lake akikisia joto kwa dakika. Nkwabi aliitazama rangi ya moto.

"Bado," Nkwabi alimwambia Gulnaz alipotaka kufungua. "Moto huu ni mwekundu wa kuchomea matofali. Subiri uwe kama ganda la chungwa bivu."

"Umejuaje?"

"Nilichoma chokaa ya misheni Ushirombo miaka saba, walipokuwa wakijenga kanisa."

Gulnaz aliuachia mlango wa tanuri. Alikuwa akiliwashia moto lile tanuri kwa miezi kadhaa kwa kubahatisha, akiharibu mara tatu kwa kila mara moja aliyopatia, na mtu aliyeijua kazi hiyo alikuwa akipaka grisi hatua ishirini kutoka hapo. "Hukuniambia," akasema.

"Hukuuliza, dada."

Walipata theluthi moja tu ya debe, yenye chembe za mchanga ndani yake. Lakini Nkwabi alipodondosha tone la maji juu ya punje moja, ilifuka na kupasuka. Ilikuwa hai. Ijumaa waliyapasha mafuta ya pamba moto hadi yakaacha kutoa povu la maji, wakayapoza kiasi, wakayatia katika pipa lenye kifuniko pamoja na methanoli na ule unga, wakalizungusha kwa zamu kwa muda wa saa tatu. Walipoliacha litulie, juu palisimama kimiminiko cha rangi ya chai ya rangi. Gulnaz alikichuja mara mbili kwa kitambaa. Hakuwa na muda wa mara ya tatu.

Jumamosi Pantaleo alifika mapema na lori lake na wabebaji wanne. Alipewa kiti, akakaa, akavua viatu kwa kuwa vilikuwa vipya na vinamuuma. Saa mbili Nkwabi alizungusha mpini. Injini ikaguna, ikakataa, ikaguna tena, ikashika. Mashine ya kukamua ikaanza kusaga, na moshi ukatoka kwenye bomba, mwembamba, wenye harufu ya jikoni.

"Injini yangu inanukia maandazi," Pantaleo akasema.

"Bado si yako," Gulnaz akajibu.

"Nitaingoja, dada. Mimi nimengoja dhahabu miaka sita ndani ya tope, nitashindwa kungoja maandazi?"

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Riyaz alitembea uani akitazama saa kila hatua tano, wala hakuna aliyejua anaomba nini. Saa tano na nusu injini ikakohoa. Mlio ukashuka, mkanda ukalegea, ukashika, ukalegea tena. Pantaleo akavaa kiatu kimoja.

Gulnaz alijua sababu: sabuni kidogo na mchanga wa mawe, vilivyopenya kitambaani, vimeziba chujio. Alilijua jambo hilo kwa ukamilifu wake wote, kwa majina na kanuni zake, lakini mikono yake ilibaki inaning'inia. Kulisafisha chujio injini ikiwa inakwenda kulikuwa ni kazi ya vidole, na vidole hivyo hakuwa navyo. Nkwabi alikwisha kupiga magoti. Alilegeza kikombe cha chujio nusu mzunguko, ute mweupe ukachuruzika, injini ikashuka hadi ikasikika kila pigo lake peke yake.

"Dada, shika hapa. Usiachie nikikuambia usiachie."

"Wapi, Baba Mageni?"

Nkwabi hakuinua uso. "Hapo chini. Bana."

Mafuta yalimtiririkia Gulnaz mpaka kwenye kiwiko, ya moto kiasi cha kuunguza. Hakuachia. Pigo moja, la pili, kimya kirefu ambacho Riyaz alisimama kwa ajili yake, kisha la tatu. Nkwabi akakaza kikombe, na injini ikapanda kidogo kidogo hadi ikarudi kwenye mlio wake. Wakabaki wote wawili wamepiga magoti sakafuni, kila mmoja akiogopa kuondoka, mpaka adhana ikasikika kutoka msikitini.

Riyaz alingoja muadhini amalize. Uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyeamshwa kutoka kwenye ndoto tamu. "Nilisema mbele ya mama," akamwambia Pantaleo. "Siuzi."

"Umenipotezea siku, Mhindi." Pantaleo akavaa kiatu cha pili. "Basi nipe huyu dada na moto wake, nikampe kazi Geita."

"Huyu habebeki," Riyaz akasema. "Jaribu uone."

Lori likaondoka tupu.

Kinu hakikutajirika. Gulnaz aliendelea kuchoma maganda, akichanganya mafuta yake na dizeli kila dizeli ilipopatikana, na miezi mingine ilishindikana kabisa kwa kukosa methanoli. Dharau yake pia haikufa, kwa kuwa tabia ya miaka thelathini na miwili haikwanguliwi kwa vijiko katika alasiri moja. Aliendelea kuwadharau maofisa, jambo ambalo lina udhuru, na wachimbaji, na kinyozi. Msamaha hakumwomba Nkwabi kwa maneno hata siku moja. Lakini tanuri alimkabidhi yeye, na Nkwabi alipozungumza habari ya moto, Gulnaz aliandika asemayo daftarini, na kila asubuhi, kabla ya kukalia kiti chake cha chuma, aliingia kwenye chumba cha injini na kusema, "Shikamoo, Baba Mageni," kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Naye aliitika marahaba, akamwachia aimeze.

Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna elimu isiyotoka Kwake, amsamehe Gulnaz binti Sherali makali ya ulimi wake, ampe umri mrefu na unyenyekevu ulio sawa na akili aliyomjaalia. Amrehemu mzee Sherali kaburini, amtulize Kausar katika uzee wake, na amkinaishe Riyaz kwa riziki iliyo karibu. Nyumba ya Nkwabi, yeye na mkewe na Mageni na nduguze, aijaze afya na heshima, wala asiikoseshe chakula wala maji. Amin.